Asilimia Tano za Mama Zamu

Kijiwe chetu ni ubao wa kitanda uliolazwa juu ya maganda mawili ya betri kubwa za gari, mbele ya karakana ya Fundi Lehemu. Ukiukalia vibaya upande mmoja unainuka, kwa hiyo wazoefu wana mpangilio wao. Mzee Bohari hukaa katikati, kwa kuwa ndiye mzito. Alitunza ghala miaka thelathini na bado hutembea na kalamu sikioni. Profesa, mshona viatu, hukaa upande wa ukuta. Elimu yake yote imetoka kwenye magazeti ya zamani anayojazia viatu ili visipoteze umbo. Shangazi Pasi hakai. Husimama nyuma ya meza yake ya kupigia pasi, hatua tatu kutoka pale, akichangia kila neno bila kuacha kazi. Mimi nauza kahawa, na wananiita Mama Birika. Mtoto wangu wa miezi minane hulala ndani ya boksi la televisheni ambalo Fundi alilikata upande mmoja ili hewa ipite. Sikumwomba. Nilifika tu asubuhi moja nikalikuta limetandikwa gunia safi.

Siku hiyo Fundi alitoka na kompyuta yake ya mapajani, akaiweka kwenye ubao, na kando yake akaweka kisanduku cha bati kikubwa kama mkate. Sote tulikijua. Kilikuwa kimetundikwa ukutani pale zahanati miaka sita, kikiita wagonjwa kwa namba. Sauti iliyomo ni ya Mama Zamu, muuguzi wa mapokezi. Tulimwita hivyo kwa sababu ukifika saa yoyote ulimkuta zamu. Fundi alimrekodi akihesabu moja hadi mia, akarekodi na maneno aliyozoea kuwaambia watu kwenye foleni, ambayo kisanduku huyachomeka kati ya namba. Mwenyewe alistaafu miaka minne iliyopita. Sauti ikabaki kazini.

Fundi: Msinisemeshe leo. Saa nne muuguzi anakuja kukichukua.

Profesa: Saa nne ni mbali.

Fundi: Saa hizi ni saa tatu kasorobo, Profesa. Na leo ni kliniki ya watoto. Mganga mkuu kaniambia hivi: "Fundi, kikigoma tena nakitupa, naweka kengele." Kengele! Mtu ana homa, anapigiwa kengele kama mwanafunzi.

Bohari: Kwani kiligoma nini?

Shangazi: Mzee, usijifanye mgeni. Mtaa mzima unajua kiliita arobaini toka asubuhi mpaka adhuhuri.

Mimi nilikuwepo. Nilimpeleka mtoto kuchanjwa, na namba yangu ilikuwa arobaini na tatu. Kisanduku kilisema, "Namba arobaini, ingia mwanangu," babu mmoja akaingia, akahudumiwa, akatoka. Kikasema tena, "Namba arobaini, ingia mwanangu." Babu akarudi. Alirudi mara nne. Daktari alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba Mama Zamu akikuita huwezi kukataa, si adabu. Mara ya tano akamkabidhi mama mwenye mapacha kikaratasi chake, akamwambia, "Ingia wewe binti yangu, mimi nimeshaingia vya kutosha." Mpaka mchana nusu ya foleni ilikuwa ni namba arobaini.

Profesa: Arobaini ni namba nzito. Siku za mwizi ni ngapi? Arobaini! Kisanduku kilikuwa kinatafuta mwizi.

Fundi: Hakuna mwizi. Kumbukumbu ilijaa. Ndani mna daftari. Kila kikiita mtu kinaandika: nimemwita fulani, saa fulani. Umeme ukikatika kinaandika. Ukirudi kinaandika. Mwaka mzima kinaandika tu. Siku ile kilipofika arobaini, ukurasa ukaisha. Hakikuwa na pa kuandika arobaini na moja, kikarudi kwenye namba ya mwisho kinayoikumbuka.

Profesa: Haba na haba hujaza kibaba.

Shangazi: Hiyo methali ni ya kusifia, Profesa.

Profesa: Kibaba kikishajaa, je? Methali imenyamaza. Mimi nimeendelea nayo tu.

Fundi: Na ubaya zaidi, hata mimi sikuweza kuingia. Nikachomeka waya wangu, nikabisha hodi. Ili kinifungulie lazima kiandike kwamba Fundi kaingia. Pa kuandika hapapo. Kwa hiyo nikabaki mlangoni na ufunguo mkononi.

Shangazi: Na ile akiba?

Hapo kila mtu akamtazama Mzee Bohari, naye akatazama ndani ya kikombe chake kama kuna kilichozama.

Nieleze, maana na mimi nilichelewa kuelewa. Fundi akitaka kutengeneza kisanduku, hakijazi kitu kimoja kimoja. Anajenga nyumba nzima kwanza ndani ya kompyuta: programu, sauti, daftari, kila kimoja na chumba chake. Hiyo nyumba mafundi wanaiita taswira. Ikikamilika anaihamishia kwenye kisanduku kama ilivyo. Na ile programu inayojenga taswira ina tabia yake: usipoiambia kitu, katika kila vyumba mia inafunga vitano. Vitano hivyo haruhusiwi kuvigusa yeyote isipokuwa mwenye funguo, yaani Fundi mwenyewe. Hiyo ndiyo akiba: siku nyumba ikijaa, yeye bado ana pa kukanyaga akaingia kusafisha.

Mwaka jana, akijenga taswira ya mwisho, Fundi alikaa hapahapa akauliza kama aviache vile vitano. Mzee Bohari akasimama. Alisema katika miaka thelathini ya ghala hajawahi kulala akiwa na rafu tupu, na kwamba rafu tupu ni aibu ya mtunzaji. Fundi anamheshimu sana, kwa sababu Mzee ndiye aliyemfundisha kusoma herufi za kwenye makasha alipokuwa mdogo. Akaandika sifuri palepale. Mzee akanywa vikombe viwili kwa furaha.

Bohari: Nilisema na bado nasema. Akiba isiyotumika ni mali iliyopotea inayojua kujificha.

Shangazi: Akiba haiozi, Mzee.

Bohari: Haiozi kwa sababu inaliwa na panya! Binti yangu, wewe hujui makampuni. Sisi tulikuwa tunapokea magunia mia, karatasi inasema mia, ukihesabu tisini na tano. Ukiuliza: "Upungufu wa njiani." Ni watu walewale. Wamehama kwenye magunia, wamekuja kwenye kompyuta.

Profesa: Hapo Mzee umegusa. Nilisoma kwenye gazeti...

Shangazi: La mwaka gani?

Profesa: Lilikuwa ndani ya buti la polisi, mwaka haukuonekana. Sikiliza. Kila mashine duniani inaficha tano. Simu yako tano, redio ya jirani tano. Nani anazikusanya? Kuna mtu amekaa mahali ana ghala la tano-tano za dunia nzima, anasubiri.

Shangazi: Anasubiri nini?

Profesa: Kama ningejua ningekuwa hapa nashona visigino?

Bohari: Anasubiri zitimie mia.

Fundi: Jamani.

Shangazi: Niwaambie mimi niliyezoea nguo. Ile tano ni pindo. Mshonaji mzuri anaacha kitambaa ndani, hukioni, huvai, lakini mtoto akirefuka unalifumua pindo na gauni linaishi mwaka mwingine. Mshonaji mbaya anakata mpaka kwenye mshono. Ukipiga chafya tu, gauni limekuaga.

Profesa: Na kiatu! Kiatu kisicho na nafasi mbele ya kidole gumba, kucha zinang'oka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Shangazi: Cha mvunguni kimeingiaje?

Profesa: Kidole kiko mvunguni mwa kiatu.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa kidogo, na mtoto akaamka. Fundi hakucheka. Alikuwa akitazama orodha ndefu kwenye kioo cha kompyuta, akisugua shingo.

Fundi: Mambo ya akiba nimeshayaamua. Daftari nimelifundisha kufuta kurasa zake, libaki na za mwezi mmoja tu. Yule msemaji, ile programu inayoita namba, nimempa cheo cha kawaida, hana ruhusa ya kugusa vyumba vilivyofungwa. Na vitano vyangu navirudisha. Shida si hiyo.

Bohari: Shida ni nini?

Fundi: Nikirudisha tano, Mama Zamu haenei.

Mzee Bohari akaweka kikombe chini. Hata Shangazi aliisimamisha pasi kwenye kisigino chake.

Fundi: Namba zote mia zinaenea. Ni yale maneno mengine. Yako kumi na mawili pale. Lazima sita yatoke.

Shangazi: Weka kumbukumbu kubwa zaidi.

Fundi: Imechomelewa kwenye ubao wake wa ndani wa umeme, Shangazi. Na kisanduku chenyewe ni cha zamani, ukikiwekea kubwa hakiitambui. Nimejaribu.

Profesa: Basi zikamue sauti ziwe ndogo.

Fundi: Nilishazikamua. Nikikamua zaidi atasikika kama yumo ndani ya kopo.

Bohari: Na zikitoka huko zinapotea?

Fundi: Zitabaki kwenye kompyuta yangu. Lakini, Mzee, ni nani mwenye homa atakayekuja kukaa kwenye kompyuta yangu?

Shangazi ndiye aliyeanza kupatana, kwa sauti ya sokoni.

Shangazi: Tano ni nyingi. Chukua moja.

Fundi: Shangazi, hii si nyanya.

Shangazi: Moja na nusu.

Fundi: Nne.

Shangazi: Ah! Nne na tano ni ndugu. Mbili.

Fundi: Nikiwa na mbili nikibisha hodi nitaingiza mguu mmoja, mwingine utabaki nje.

Bohari: Tatu.

Wote wakageuka. Mzee Bohari alikuwa ameitoa kalamu sikioni na kuandika kwenye kiganja chake.

Bohari: Katika ghala letu palikuwa na njia katikati ya magunia, upana wa mtu mmoja aliyebeba taa. Bosi alitaka tuijaze. Mwaka mmoja nikaijaza. Moto ulipoanza kule nyuma, hatukuwa na pa kupita. Kitu kidogo tu, ndoo mbili za maji zingetosha. Sikuwahi kuwaambia. Kijana, mtu aliyebeba taa anapita kwenye tatu?

Fundi alipiga hesabu yake taratibu, midomo ikitikisika.

Fundi: Anapita, Mzee. Kwa ubavu.

Bohari: Basi tatu.

Fundi: Kwa tatu, yatatoka maneno matatu tu. Mtaje nyinyi, mimi siwezi.

Ndipo nilipogundua kwamba kila mtu pale kijiweni alikuwa na neno lake. Hatukuwahi kulizungumza. Ukikaa kwenye foleni na hofu yako, sauti ikasema jambo linalokuhusu, unalichukua kama lako na kwenda nalo nyumbani.

Bohari: La kwangu ndilo litoke kwanza. Mimi ndiye niliyeleta sifuri.

Fundi: Lipi la kwako?

Bohari: "Mzee, usiinuke kwa haraka, namba yako haina miguu." Mke wangu alipokuwa mgonjwa nilikuwa nasimama kila wakiita, hata kabla ya zamu yetu. Nilidhani nikichelewa watamruka. Aliposema vile nikakaa. Mke wangu akaniambia, "Umeona? Hata mashine imekuchoka." Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kunitania. Litoe. Ninalo kichwani.

Profesa akajikohoza. Alianza kutafuta sindano ndani ya sanduku lake, sindano iliyokuwa mkononi mwake.

Profesa: Kama ni hivyo, toeni na lile la baba.

Shangazi: La baba lipi?

Profesa: Wewe unalijua.

Shangazi: Silijui. Liseme.

Profesa: "Baba uliyejificha mlangoni, ingia, sindano ni ya mtoto, si yako."

Shangazi aliweka pasi chini akacheka kwa mikono miwili. Profesa alimsubiri amalize.

Profesa: Cheka tu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Mwanangu wa kwanza, enzi kisanduku hakijawekwa, Mama Zamu akasema kwa kinywa chake. Kila mtu kwenye foleni akanigeukia, nami nikaingia kwa sababu ya aibu. Lakini niliingia. Nilimshika mwanangu. Amekua, ana mtoto wake sasa, na bado ananiambia kitu cha kwanza anachokikumbuka ni mimi nimemshika huku nimefumba macho. Basi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Nadhani ndiyo methali pekee aliyoiweka mahali pake tangu nimfahamu, na hakujua.

Fundi: Mawili. Bado moja. Shangazi, lako?

Shangazi: "Mwenye mtoto anayelia apite mbele, wengine tulieni, nanyi mlilia." Si langu, ni la watoto wote. Leo ni siku yao, litatokaje?

Nilijua kilichobaki. "Uliyekuja peke yako, sogea ukae karibu na meza yangu." Nilipokwenda kujifungua mtoto wangu wa kwanza, sikuwa na mama wa kunisindikiza, na mume wangu alikuwa kazini mbali. Niliingia na kikapu na khanga mbili. Mama Zamu mwenyewe alikuwa mezani siku hiyo, akiandika, na kisanduku juu ya kichwa chake kikasema maneno hayo. Akainua macho, akanitazama, akavuta kiti. Hakuongeza neno, maana lilikwisha kusemwa. Alinipa chai kutoka kwenye chupa yake, na alipokwenda kuwapokea wengine aliacha sweta yake mapajani mwangu ili nijue anarudi. Nilifungua mdomo niseme kwamba hata langu linaweza kutoka.

Shangazi: Wewe, nyamaza.

Mimi: Sijasema kitu, Shangazi.

Shangazi: Ulitaka kusema. Lako halitoki. Kuna msichana yuko njiani sasa hivi na kikapu chake, hatumjui. Halitoki.

Nilimimina kahawa ili nipate pa kutazama. Fundi hakunywa. Alikuwa ameteremka mpaka chini kabisa ya orodha, na kidole chake kilikuwa kimeganda pale.

Bohari: Kuna nini?

Fundi: Kuna jingine.

Profesa: Umesema kumi na mawili.

Fundi: Kumi na mawili yanayosikika. Hili la kumi na tatu halijawahi kuchezwa hata siku moja. Nalihamisha tu kila nikijenga taswira. Miaka sita. Na ni refu, peke yake linakula nafasi ya maneno matatu.

Shangazi: Wewe! Umetukalisha hapa tunatoana machozi, kumbe mlaji ni wewe?

Fundi: Linahusu kiti, Shangazi. Kiti cha tatu pale foleni kilikuwa kinayumba. Nilimwomba arekodi tangazo watu wasikikalie. Kiti chenyewe kilitupwa zamani.

Bohari: Sasa unabeba tangazo la kiti kilichokufa?

Fundi akaongeza sauti ya kompyuta. Alibonyeza, na kompyuta ikasema, kwa sauti ile ambayo sote tungeitambua hata usingizini: "Ndugu zangu, kiti cha tatu kinayumba, msikikalie. Fundi yupo anakitengeneza, si ndiyo, Fundi?" Kisha ikasikika sauti ya kijana ikisema, "Ndiyo, Mama." Kisha kishindo. Kisha Mama Zamu akaanza kucheka. Alicheka kama mtu aliyeweka mzigo chini. Akajaribu kurudia, "Ndugu zangu, kiti," akashindwa. Akajaribu tena, "kiti cha," akashindwa kabisa, na yule kijana naye akacheka kutoka sakafuni, mpaka rekodi ikaisha.

Fundi: Nilikikalia. Nikiwa nimeshika maikrofoni.

Hatukuwahi kumsikia Mama Zamu akicheka. Zahanati alikuwa mpole, lakini hakucheka. Labda hakuwa na nafasi. Fundi alilicheza tena, hakuna aliyemwambia aache. Lilipoisha alitazama saa, akavuta kompyuta karibu.

Fundi: Basi. Linatoka hili, mengine yote yanabaki.

Profesa: Una uhakika, ndugu yangu?

Fundi: Kule halimsaidii mtu. Nilikuwa naona tu nikimwacha nje ni kama nimemfungia mlango.

Akalifuta kwenye orodha. Palipoandikwa sifuri akaandika tatu, akamwonyesha Mzee Bohari, na Mzee akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesaini hati. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo, nasi tukautazama ukitambaa, watu wazima watano, mtoto naye amesimama ndani ya boksi ameshika ukingo. Ulipofika mwisho, Fundi akachomeka waya, akasubiri, akachomoa, akawasha. Kisanduku kikakohoa kidogo. "Namba moja, ingia mwanangu."

Profesa: Mbili?

"Namba mbili, ingia mwanangu."

Tukapiga makofi. Tulipogeuka, tukamwona msichana mwenye sare nyeupe amesimama pembeni, mkoba mgongoni. Hatukujua amefika lini. Ndiye muuguzi mpya wa mapokezi. Nilikuwa nimemwona siku ile ya arobaini akihangaika na vikaratasi.

Muuguzi: Shikamooni.

Wazee: Marahaba, binti.

Muuguzi: Nimesikia kicheko. Ni yeye?

Fundi: Ni yeye.

Muuguzi: Sikujua anacheka. Mimi nina miezi mitatu pale. Asubuhi nikiwasha, yeye ndiye wa kwanza kusema nami. Siku ya kwanza nililia chooni, nikarudi mezani, akasema, "Uliyekuja peke yako, sogea." Nikasogea. Nilijiona mjinga, lakini nilisogea.

Shangazi alinitazama. Nilimpa msichana kikombe, akakipokea kwa mikono miwili, akaketi kwenye ncha ya ubao pale Profesa alipompisha.

Fundi: Maneno yake yote yamo. Na safari hii hakijai. Kikijaa, nina pa kuingilia.

Muuguzi: Asante, Fundi. Watafurahi. Kuna babu mmoja anauliza kila siku.

Akanywa kidogo, akapuliza, akanywa tena. Kisha akauliza, kwa wepesi, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani.

Muuguzi: Na mwenyewe anaendeleaje siku hizi?

Mzee Bohari akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Fundi.

Shangazi: Fundi ndiye... si wewe ulikuwa unakwenda kwake?

Fundi: Mimi? Nilikwenda mara moja, alipostaafu. Alikuwa anafunga mizigo. Nilidhani Mzee...

Bohari: Mimi nilisikia kahamia kwa bintiye. Au kwa mdogo wake. Nani aliniambia? Profesa, si wewe?

Profesa: Mimi nilisikia kwako.

Muuguzi aliwaangalia mmoja mmoja, kikombe kikiwa karibu na midomo.

Muuguzi: Lakini yupo?

Profesa akachukua kiatu, akaanza kukijazia gazeti.

Nilijaribu kukumbuka ni lini niliirudisha ile sweta, na nani aliipokea, nikaona kwamba sikuirudisha. Fundi alikuwa amekiweka kisanduku mapajani, bado kinawaka. Hakuna aliyekigusa, lakini kiliendelea na kazi yake.

"Namba tatu, ingia mwanangu."

Hakuna aliyeinuka.